Kigoda cha Baba Mkwe na Msasa wa Fundi Gaudensi

Jumamosi, 7 Juni

Siku mbaya. Mbaya kabisa!

Saa moja jioni tulikaa sebuleni kwangu hapa Bomani, Tarime, kutazama "Mbao Zinasema", kipindi cha Fundi Gaudensi. Mimi, mke wangu Scholastica, binti yetu Happy, na jirani Anold, yule anayeuza dawa za mifugo. Anold hutazama kwangu kwa sababu king'amuzi chake kilikufa tangu Pasaka. Namkaribisha. Chai anapewa. Kiti kizuri anapewa yeye.

Mwisho wa kipindi Fundi Gaudensi husoma ujumbe mmoja wa mtazamaji. Mmoja tu, nchi nzima. Mimi nimemtumia thelathini na moja. Nimeisifu aproni yake ya ngozi. Nimezisifu sharubu zake. Nilimtungia shairi la beti sita kuhusu randa, lenye vina vya kati na vya mwisho. Kimya.

Leo kasoma hivi: Anold wa Tarime anauliza, mbao za mkaratusi zikaushwe muda gani?

Anold! Kwenye runinga yangu! Kikombe changu mkononi!

Fundi akaongeza kwamba hilo ni swali bora kuliko yote aliyoulizwa mwaka huu. Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi nikapiga makofi mawili, nikaona yanatosha. Jibu lenyewe sikulisikia, masikio yalikuwa yanawaka moto. Anold ana miezi mitatu tu tangu ashike msumeno. Mimi nina miaka sita! Nina aproni ya ngozi ya ng'ombe niliyoshonesha mwenyewe, mfano wa ile ya Fundi, ingawa ya kwangu bado inanuka ng'ombe.

Sitaki makubwa duniani. Nataka Fundi Gaudensi alitaje jina langu. Basi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Baada ya ibada watu walimzunguka Anold utadhani kapewa daraja la upadri. Katekista Kornelio ananiitaga rafiki, lakini leo alinipita bila hata salamu, akaenda kumshika mkono Anold.

Anold akawaambia wote kwamba asingeweza kitu bila kaka yake, yaani mimi, niliyemkaribisha kutazama. Unyenyekevu wa namna hii ni ujanja. Ningekuwa mimi nimetajwa ningejisifu waziwazi kama mtu mwaminifu.

Niandike hapa maoni yangu, maana mezani hakuna anayenisikiliza. Siku hizi Tarime nzima kila mwenye nyundo ana mtangazaji wake. Tumegawanyika. Sisi wa Fundi Gaudensi tunaamini msasa na vanishi. Kauli yake ni "Msasa hausemi uongo", nami nimeiandika ukutani juu ya benchi langu. Kitu kikitoka mikononi mwake unaweza kujitazama ndani yake. Upande wa pili wako wafuasi wa Dada Lilian, wa kituo kingine, anayekarabati viti vibovu uani kwake kwa msumeno wa mkono. Yule dada akikosea anasema mbele ya kamera kwamba amekosea! Mtangazaji gani huyo? Nikitaka kuona makosa naingia kwenye banda langu mwenyewe.

Anold anawatazama wote wawili. Kigeugeu.

Kuna pia Sadock, fundi seremala wa kweli pale karibu na stendi. Yeye anatuita wote mafundi wa runinga. Anasema tangu vipindi hivi vianze anapata kazi nyingi sana za kurekebisha. Simjibu. Hana hata aproni.

Jumanne, 10 Juni

Habari kubwa! Fundi Gaudensi anakuja Tarime! Jumamosi ya tarehe 21 atarekodi hapa uwanjani. Kila mtazamaji alete kitu kimoja alichotengeneza kwa mikono yake, chenye historia. Atachagua viwili vya kuonyesha.

Habari hii nimeipata kwa nani? Kwa Anold. Alipigiwa simu na msaidizi wa Fundi. Alikuja mbio kuniambia, hata duka hakufunga. Nilimwambia nilikuwa najua.

Yeye atapeleka banda lake la kuku. Banda la kuku! Nilimtia moyo sana.

Mimi nitatengeneza meza. Nimepata mbao za mkaratusi, zimepasuliwa jana tu, zina harufu nzuri na zinakatika kama jibini. Kwenye kipindi Fundi anapaka gundi, yanakuja matangazo, tukirudi meza imesimama. Kwa hiyo ni kazi ya siku moja. Nimeomba ruhusa kazini masjala, nimesema naumwa mgongo.

Alhamisi, 12 Juni

Meza ilisimama jana asubuhi. Ilipofika mchana mguu mmoja ulikuwa umeanza kutazama upande wa Sirari, mpakani. Jioni miguu yote minne ilikuwa imegeukia pande nne, na uso wa meza umejikunja katikati hata ungeweza kunyweshea ndama.

Leo saa nne asubuhi ikapasuka. Mlio kama wa bunduki! Scholastica alidhani ni wezi wa ng'ombe, akamlaza Happy chini ya kitanda. Majirani wakatoka na marungu. Anold alikuwa wa kwanza kufika, rungu mkononi. Alipoiona meza akasema kwa upole kwamba Fundi alijibu Jumamosi ile kuwa mkaratusi ukaushwe kivulini miezi mingi, tena polepole. Akaniuliza kama sikusikia.

Nikasema nilisikia. Nikasema nilikuwa nafanya utafiti.

Zimebaki siku tisa. Nina nini? Nina kuni.

Jumamosi, 14 Juni

Kisaka, kwa wakwe. Shule zimefungwa, Scholastica hafundishi, kwa hiyo nimemleta yeye na Happy wakae likizo yote kwa wazazi wake. Nilikuja shingo upande. Sasa namshukuru Mungu nilikuja.

Nieleze kuhusu kigoda.

Baba mkwe, Mzee Mwikwabe, ana kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwa tezo kutoka gogo moja, bila msumari, bila gundi. Alikichonga baba yake. Ni cheusi kabisa, kinang'aa, si kwa rangi, ni kwa miaka sitini ya kukaliwa na wanaume waliojipaka samli. Katika mji ule hakuna mtu mwingine anayekikalia. Watoto hawakiruki. Mimi nina miaka kumi na mmoja tangu nioe pale, sijawahi hata kukisogeza.

Leo mzee aliinuka kwenda kutazama ndama. Jua likakipiga kile kigoda. Nami nikakiona kwa macho ya kamera. Historia! Mikono! Mti mmoja!

Nilimwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba naona matundu ya wadudu kwenye mguu mmoja. Nikamwambia wadudu hao wakimaliza kigoda hupanda kwenye kenchi za nyumba. Nikamwambia mjini kuna dawa, na jirani yangu anauza dawa. Hayo matundu nilikuwa nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari, mawili, mzee akiwa kwa ndama. Madogo tu.

Alinitazama muda mrefu. Akauliza siku ngapi. Nikasema nane. Akasema kisikaliwe na mtu, na kisilazwe kifudifudi kama kitu cha marehemu. Nikaapa. Akakifunga mwenyewe kwa shuka lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Hakukipenda. Kila akijigeuza kiti kililia.

Scholastica aliniuliza tangu lini mimi ni daktari wa wadudu. Nikasema mtu hujifunza.

Jumatatu, 16 Juni

Niko peke yangu nyumbani na kigoda. Nimekiweka juu ya kabati. Nimejaribu historia yangu mbele ya kioo: nilikuta gogo limeangushwa na radi, nikasikia sauti ikinena ndani yake, nikachonga wiki tatu. Machozi yalinitoka. Mimi ni mtu mwenye hisia.

Anold alikuja kuazima randa. Mlango wa banda lake la kuku haufungi. Nilimwambia randa yangu inaumwa. Sijui kwa nini nilisema inaumwa, lilinitoka tu. Akanipa pole.

Baada ya kuondoka nilikaa nikawaza. Wanachaguliwa wawili. Je, kama wa pili ni yeye? Nimesimama kwenye kamera na historia yangu ya radi, halafu pembeni Anold na kuku? Haiwezekani. Nilimfuata dukani nikamwambia kwamba kurekodi kumehamishiwa Sirari, Ijumaa, asubuhi na mapema.

Alinishukuru. Akanishika mikono yote miwili. Nitalala vizuri.

Ijumaa, 20 Juni

Anold kaenda Sirari. Karudi.

Kumbe aliacha banda nyumbani, akaenda kwanza kutazama uwanja. Hakukuta mtu. Akampigia msaidizi wa Fundi, akaambiwa ni Tarime, kesho. Akarudi moja kwa moja kwangu. Nikajua leo nimekamatwa.

La hasha! Anadhani na mimi nimedanganywa na mtu. Amenihurumia. Na kwa kuwa alikuwa mpakani, ameninunulia kopo la vanishi ya upande wa Kenya, zawadi, kwa sababu anajua mimi ni mtu wa vanishi.

Nimelipokea. Nimekasirika sana.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimeshinda! Nadhani nimeshinda.

Uwanja ulijaa. Watu walileta stuli, makabati, mizinga ya nyuki, mmoja alileta mlango mzima akiwa ameubeba kichwani kutoka Matongo. Fundi Gaudensi ana kwa ana ni mfupi kuliko nilivyodhani. Vumbi linampa chafya. Lakini sharubu ni zilezile. 

Alipita, akatazama, akapita. Alipofika kwenye kigoda akasimama. Akachuchumaa! Akauliza nani kafanya kazi hii. Nikasema mimi. Sauti yangu ilitoka nyembamba sana. Nikamwaga historia yote, radi, sauti, wiki tatu. Akauliza jina. Nikasema Marwa wa Tarime. Akasema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya kamera, "Marwa." Nusura nizimie.

Akauliza nilichonga kwa chombo gani. Nikasema patasi; tezo ilinitoka kichwani. Nyuma yangu kwenye umati nikasikia Sadock anacheka kwa sauti.

Kisha Fundi akageukia kamera. Akasema mtazamaji wetu ana kipaji, lakini amefanya kosa la wanaoanza: ameacha mbao ikiwa chafu. Akasema huu weusi unaficha uzuri. Akasema msasa hausemi uongo. Akaashiria kwa kidole, jenereta likanguruma, akaletewa mashine ya msasa.

Nilijua. Niandike ukweli maana hiki ni kitabu changu: nilijua. Nilitaka kusema simama. Lakini ningesemaje? Ningesema kina miaka sitini wakati nimesema wiki tatu? Na Fundi Gaudensi alikuwa ameniambia nishike miguu ya kigoda. Mimi! Nishike miguu! Nikaishika.

Dakika nne. Vumbi jeusi liliruka, likatua kwenye aproni yangu, likanuka samli ya zamani na ugoro na watu wazima. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa. Umati ulishangilia. Fundi akauliza nani ana vanishi. Nikatoa kopo la Anold mfukoni.

Wa pili aliyechaguliwa ni Anold. Ndiyo. Mlango wa banda bado haufungi, na alipoulizwa alisema alipima vibaya, akaonyesha alipokosea. Mbele ya kamera! Fundi akacheka, akakaa chini kwenye nyasi, wakaurekebisha pamoja mlango ule. Walikaa pamoja nusu saa. Alimshika bega. Nilihesabu: mara tatu.

Mimi hakunishika bega.

Jumapili, 22 Juni

Kigoda kiko mezani kwangu kinang'aa kama jino la bandia. Mzee anakitarajia leo. Nimempigia Scholastica kusema dawa haijakolea.

Sikwenda kanisani. Nimejaribu kurudisha weusi. Masizi ya sufuria: yanateleza juu ya vanishi. Rangi ya viatu: imetoa zambarau. Samli: inzi. Majani ya chai yaliyochemshwa: hakuna kitu. Nikakipeleka jikoni nikianike juu ya moshi, vanishi ikaanza kutoa mapovu.

Sasa ni cheupe, chenye mabaka ya zambarau, kina malengelenge, na kinanukia chai.

Jumanne, 24 Juni

Kipindi kitarushwa Jumamosi. Sharti Kisaka wasikione.

Nimefikiri kwa utulivu. Karibu na kwa wakwe kuna runinga moja tu inayofanya kazi, ya Elia, kwenye kibanda chake cha kuchaji simu kwa sola. Nimempigia. Nimemwomba kama ndugu, Jumamosi saa moja aseme imeharibika. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna kipindi nisingependa baba mkwe akione. Akauliza, kwani wewe umo?  Ningekana, lakini kukana kwamba nimo kwenye runinga, baada ya miaka sita! Nikasema nimo.

Elia akapiga kelele za furaha. Akasema mimi ni mnyenyekevu kupita kiasi. Akasema ataitoa runinga nje ili kila mtu aone, na mzee atawekwa mbele kabisa.

Nimempigia tena mara tisa. Simu yake inatumika. Anaalika watu.

Jumamosi, 28 Juni

Anold alikuja kutazama. Kaleta soda mbili. Tulikaa wawili.

Kipindi kilianza na banda la kuku. Dakika kumi na tisa! Anold akiongea, Anold akicheka, bega, bega, bega. Mimi nilikuja baada ya matangazo. Historia ya radi wameikata yote. Uso wangu haumo. Ni mikono tu, imeshika miguu ya kigoda, na msasa unapita. Halafu Fundi Gaudensi akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Ahsante sana kwa Marwa wa Musoma."

Musoma!

Miaka sita! Jumbe thelathini na moja! Shairi! Musoma! Nilisimama nikaipigia kelele runinga. Anold akajaribu kunituliza, akasema huenda ulimi uliteleza. Nikamwambia Tarime yake haikuteleza.

Simu ikaita. Scholastica. Nikadhani ni pongezi, hata koo nikasafisha.  Nyuma yake palikuwa kimya, watu wote wale wa Elia kimya kabisa, nikasikia tu tangazo la sabuni. Kisha akasema baba ameinuka, ameondoka gizani peke yake, hakumuaga mtu. Akaniuliza nimefanya nini. Si kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nikamwambia wamesema Musoma. Akakata.

Jumatatu, 30 Juni

Mzee Mwikwabe amekuja. Kapanda bodaboda hadi lami, kisha gari, na fimbo yake na kofia yake ya misa. Nilimwamkia shikamoo mlangoni. Aliitikia marahaba kwa sababu kutoitikia ni dhambi.

Nilimletea kigoda. Hakukikalia. Alikiinua akakinusa. Akapitisha kidole pale palipokuwa na kishimo cha kukaliwa, ambacho msasa umekisawazisha. Akasema, taratibu, kwamba pale alikaa baba yake siku alipokufa, na yeye alipokaa alikuwa anajua anakaa juu ya nani. Sasa anakaa juu ya mbao.

Nilitamani ardhi inimeze. Nasema kweli. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nadhani machozi yalinitoka, na safari hii hapakuwa na kioo.

Ningeendelea kuwa katika hali ile njema ya toba, ila Anold akabisha hodi. Kasikia mzee yupo, kaja kuamkia. Mzee akamtazama. Akamuuliza kama ni yeye yule wa kuku. Anold akakubali. Mzee akasema amependa mtu anayeonyesha alipokosea kupima. Wakaanza kuongea habari za tezo, na magogo, na miti inayofaa. Mzee akacheka! Mbele yangu hajacheka miaka kumi na mmoja!

Toba yote ikakauka.

Kisha mzee akatoa hukumu. Atachonga kigoda kingine mwenyewe. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo atahitaji mtu wa kumshikia gogo, na mtu huyo ni Anold. Mimi nisiguse. Na kila nikienda Kisaka nitakaa chini, mavumbini, mlangoni, hadi kigoda kipya kiwe cheusi chenyewe.

Nikauliza hiyo inaweza kuchukua muda gani. Akasema kile cha kwanza kilichukua miaka sitini, lakini tunaweza kumwomba Mungu.

Jumamosi, 5 Julai

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Scholastica amerudi jana. Anaongea nami kupitia Happy. Happy, mwambie baba yako chakula kiko tayari. Happy, mwambie baba yako aproni inanuka. Nimekubali yote. Mtu mzima hukubali.

Nimekaa nikajitafakari sana. Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kumwamini Fundi Gaudensi. Mtu asiyejua Tarime na Musoma, atajuaje mbao? Nimefuta maneno yake ukutani kwa msasa. Mchana nimetazama kipindi cha Dada Lilian, mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Dada mwerevu sana yule! Hapendi vanishi. Anapenda vitu vya asili, vya mti mmoja, vyenye alama za tezo. Na mwishoni husoma ujumbe, si mmoja, ni tano! Tena anaonyesha picha!

Anold yuko Kisaka tangu jana, anashika gogo. Wamemchinjia jogoo. Scholastica aliambiwa, Happy akaniambia. Anapewa firigisi, kipande changu mimi mkwe! Sijala chakula cha mchana.

Jioni hii, kwa wema wake wa kuudhi, Anold amenitumia picha ya kigoda kipya ili, anasema, nami nijisikie nimo. Bado hakijakamilika, lakini lo! Miguu mitatu imesimama. Makato ya tezo yanaonekana moja moja. Nyuma kuna mkono wa mzee na kivuli cha kofia.

Nimeitazama picha hiyo saa nzima. Nimekata kile kipande chenye mkono wa mzee, kisha nimeituma kwa Dada Lilian na maneno haya: "Nimekosea mengi katika kukichonga, nami sioni haya kusema. Kazi ya mikono yangu. Marwa, TARIME."